Kigae Kisichoingia Dukani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 17 Juni mwaka 2064, mchana, siku ya lile wingu la kipupwe ambalo hapa Singida huja na upepo na halileti hata tone. Jumanne ndiyo siku ya kupeleka mafuta kwa wenye migahawa, na mimi nilikuwa nimepeleka.

Asubuhi nilikamua alizeti kama kawaida. Mashine ya kukamulia inakula umeme, ikaishusha betri ya nyumba karibu na chini kabisa. Sikushughulika. Tangu tupate Kigae, ile programu yetu ya kukopeshana umeme, hakuna mtu mtaani aliyeshughulika na betri kushuka. Yunisi, mke wangu, alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mrija wa hewa puani, anachambua choroko.

"Ukimwona Mama Ntandu," aliniambia, "usimwambie nimekohoa. Ataleta uji tena."

"Kwani uji wake una nini?"

"Ndimu. Anatia ndimu kama anaosha samaki."

Nikacheka, nikasukuma mkokoteni wangu.

Niliporudi, mashine ya hewa ilikuwa kimya. Kompyuta ya mezani ina betri yake ndogo tumboni, kwa hiyo kioo kilikuwa bado kinawaka chini ya kitambaa alichokifuma Yunisi mwenyewe. Nikakifunua. Kulikuwa na maneno haya: "Programu hii haikutoka Dukani. Imefungwa kwa usalama wako." Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa SAWA.

Yunisi alikuwa bado kwenye kiti. Choroko zilikuwa sakafuni.

Nilimwita Mama Ntandu juu ya ukuta. Ni jirani yetu wa miaka mingi, shoga mkubwa wa marehemu. Alikuja anafuta mikono kwenye kanga, akaona, akakaa chini pale pale mlangoni. Nyuma yake, upande wa kwake, niliiona betri yake ukutani ikiwaka taa ya kijani. Ilikuwa imejaa.

Alipoweza kusema, alisema hivi: "Shemeji, tangu saa sita sijasikia tak hata moja. Nikasema Mungu mkubwa, leo shoga yangu anapumua mwenyewe. Nikafurahi. Nikawa nasonga ugali naimba."

Tak ni sauti ya kile kisanduku cha ukutani. Nyumba yako inapokopeshwa umeme na nyumba nyingine kwa waya wa mtaa, kisanduku cha anayekopesha hulia tak, basi. Mama Ntandu alizoea kuisikia mchana kutwa, kama mtu anavyozoea kikohozi cha mwenzake. Kimya kwake kilikuwa habari njema.

Ukuta ule unanifika begani. Mtu akiita, anasikika. Mtu asiye na hewa haiti.

Saa sita kamili siku hiyo, Mamlaka ya Mlango, wenye Duka la Taifa la programu, ilikuwa imeshusha kufuli mpya kwenye kompyuta zote za nchi. Wanasema walitangaza. Ni kweli walitangaza, tena kwa herufi kubwa. Walitangaza ndani ya Duka lao, ambamo watu wa mtaa wetu hawaingii.

*

Mimi nimesoma mpaka darasa la tano. Mambo ya programu ninayoyajua nimeyajua kwa Perisi Msengi, binti wa fundi redio wa hapa kwetu Misuna, aliyekitengeneza Kigae. Alikuja kwetu mara ya kwanza miaka minne kabla ya siku ile, flashi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo mzee. Nimesikia mama anatumia mashine ya hewa."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi. Naweka programu. Ukiipenda utanipa mafuta ya kupikia."

"Mbona haimo Dukani?" nilimwuliza, maana hata mimi nilijua kwamba kitu halali kinatoka Duka la Taifa. "Kwa hiyo wewe ni machinga."

Akacheka. "Machinga wa programu, ndiyo. Lakini mzee, niambie. Ile programu ya kusafishia sauti wanayotumia kwaya yenu, imo Dukani?"

Nikafikiri. Haimo.

"Ile ya mafundi ya kuchorea ramani za nyumba? Ile ya ushirika ya kupimia alizeti?"

Hazimo. Nikaanza kuona kwamba kila programu niliyopata kuona watu wazima wakiifanyia kazi ya maana ilikuwa imeingia kwa flashi, na zile za Dukani zilikuwa za michezo, hali ya hewa na picha za maua.

"Wamezikataa?"

"Nyingine wamezikataa, nyingine wenyewe wamekataa kuingia." Alikuwa ameshachomeka flashi, anaongea huku anatazama kioo. "Ukiingia Dukani wanakupa chumba. Chumba kizuri, salama, hakina dirisha. Programu yako inaishi humo, haigusi kitu cha mtu mwingine, haichungulii kompyuta ya jirani. Mwizi akiingia chumba kimoja hawezi kutoka. Ni wazo zuri, silitukani. Ila kazi ya hii yangu ni kugusa vya jirani. Ukiifungia chumbani inabaki picha tu."

"Ni hilo tu?"

"Kuna mengine. Ikiharibika leo, nikiitengeneza leo, mkaguzi wao ataipitisha akipata nafasi. Mgonjwa angoje mkaguzi apate nafasi? Na wanakata fungu lao kwenye kila kitu. Na mteja anakuwa wa Duka, si wako, hata jina lake hulijui. Mimi nataka nikikosea mtu anijue, aje anigombeze mlangoni."

Yunisi alikuwa anasikiliza. Akauliza programu inafanya nini hasa. Perisi akamweleza kwamba betri ya nyumba ikikaribia kuisha na kuna mgonjwa, programu inatazama betri za majirani wote waliokubali, inakwenda kwa iliyojaa zaidi, inachukua kidogo. Haiamshi mtu kuomba. Inaacha robo ya kila betri, haivuki hapo.

"Kumbe ni kuomba moto," Yunisi akasema. "Bibi yangu alinisimulia. Asubuhi unachukua kigae cha chungu kilichovunjika, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa moja la moto, unarudi mbio unalipuliza. Husalimii, hukai. Ndiyo maana mgeni akikataa kukaa wanamwuliza, vipi, umekuja kuomba moto?"

Perisi aliacha kubofya. Programu ilikuwa haina jina mpaka siku hiyo.

*

Baada ya arobaini alikuja mkaguzi wa Mamlaka, Bwana Angetile, mtu wa Mbeya, mpole, viatu vimefutwa. Alitoa shikamoo, akatoa rambirambi, akavua hata kofia. Nasema hivyo ili isionekane nimemwonea. Watu wa namna hiyo ndio wanaotumwa. Waliofunga mlango wenyewe sijawaona mpaka leo.

"Mzee Gunda, tumeumia na sisi."

"Nyie mmeumia wapi?"

Akatazama kiti cha dirishani, ambacho sijakiondoa, akasema, "Betri yenu ilikuwa ndogo, mzee wangu. Kitaalamu, mgonjwa wa namna ile anahitaji betri kubwa."

"Betri ya mtaa ilikuwa kubwa."

"Mtaa si mali yako."

"Wala si yako. Walikubali wenyewe, mmoja mmoja. Mama Ntandu alikubali na ndimu zake mkononi."

Hapo ndipo akanieleza sababu ya kufuli. Mwaka uliopita, kule Manyoni, kijana mmoja alifiwa na mtoto mchanga. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, akawekwa kwenye kiota, yaani lile sanduku la umeme la kuwatia joto watoto wa namna hiyo. Betri ya nyumba ikanyonywa, kiota kikapoa. Wachunguzi walikuta Kigae cha bandia, alisema, kilichonakiliwa na wahuni na kuuzwa kwenye vibanda. Kitu kisicho na mlango mmoja, alisema, hujui kimepita mikononi mwa nani.

Habari ya bandia nilikuwa nimeisikia. Mtaani kwetu kila mtu aliisema, na tuliisema kwa nguvu, kwa sababu ilikuwa inaturuhusu kuwachukia watu wawili, wahuni na Mamlaka, bila kukigusa Kigae.

"Sasa mnataka nini kwangu?"

"Sheria mpya ina kifungu cha wafiwa. Programu ikiua, au kufungwa kwake kukiua, wafiwa wa pande zote wanakaa chumba kimoja. Wakipatana ifunguliwe, tunaifungua kama ilivyokuwa, nje ya Duka. Wasipopatana, inaingia Dukani."

"Ikiingia Dukani itafanyaje kazi?"

"Kwa utaratibu. Kila anapoombwa umeme, jirani anabonyeza NARIDHIA."

"Akiwa shambani?"

"Atabonyeza akirudi."

"Na pumzi itamngojea?"

Bwana Angetile alikunja kofia yake mara mbili. "Nchi nzima itakuwa nayo, mzee. Hata vijiji ambavyo huyu binti Perisi hatafika kwa miguu maisha yake yote. Si kamili. Ila itakuwa salama."

Wameshindwa kuamua, nikafikiri, wakatafuta njia ya kuwabebesha wenye msiba. Wakubwa wanaogopa kulaumiwa kuliko wanavyoogopa watu kufa. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema ataniletea gari siku ya kikao.

Ningekataa kwenda. Sikukataa kwa sababu ya Mama Ntandu. Tangu mwezi wa nane naye anatumia mashine ya hewa. Ni moshi ule ule wa mashine za zamani za alizeti, tumeuvuta wote. Betri yake sasa inashuka kama ilivyoshuka ya kwetu, ya kwangu ndiyo imejaa, na visanduku vyote viwili viko kimya. Kila nikisikia kimya naweka kazi chini, naenda ukutani.

"Bado nipo, shemeji," ananiambia. "Rudi ukakamue."

"Nilikuwa napita tu."

"Unapita juu ya ukuta? Umekuja kuomba moto nini?"

Halafu anacheka mpaka anakohoa, na mimi nangoja akohoe amalize.

*

Chumba cha wafiwa kiko Dodoma, ghorofani, kina meza moja na viti viwili na birika la chai ya tangawizi. Bwana Angetile alitufungia mlango kwa nje, kwa upole. Alisema tukipatana tugonge.

Mfiwa mwenzangu anaitwa Mathayo Chiloweka. Ni kijana, fundi wa matangi ya maji, mikono ina makovu ya kuchomelea. Alikuwa amevaa suti iliyombana mabegani. Nadhani ndiyo ya harusi yake.

"Shikamoo. Wewe ndiye mzee wa Kigae."

"Marahaba. Mimi ni mzee wa alizeti. Pole kwa mtoto."

"Pole kwa mama."

Tukanywa chai. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku uliopita nilipanga maneno yangu kama magunia, zito chini, jepesi juu. Nikayatoa. Nikamwambia mimi na yeye tumeuliwa watu wetu na watu tofauti. Yeye ameuliwa mtoto na wahuni wa vibandani, mimi nimeuliwa mke na wakubwa wa ofisini, na Kigae chenyewe hakina kesi. Nikamwambia kuhusu Mama Ntandu na mashine yake. Nikamwambia tukigonga mlango huu sasa hivi tukasema kifunguliwe, jioni hii kisanduku changu kitalia tak, na mimi nitakaa chini nipumzike.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni kijana mwenye adabu.

"Mzee, nani kakwambia ilikuwa ya bandia?"

"Mkaguzi. Na watu wote."

"Mimi pia waliniambia. Wachunguzi walikuja, wakatazama kompyuta yangu dakika chache, wakasema bandia, wakaondoka bila kutaja jina letu mtaani. Nikaamini. Kuamini kulinisaidia." Alikizungusha kikombe juu ya meza. "Mwezi uliopita binti mmoja alikuja nyumbani. Perisi. Alikataa kiti, akapiga magoti sebuleni, mbele yangu na mke wangu. Akasema, kaka, nimeipata ile nakala yenu, nimeipitia yote. Si ya bandia. Ni ya kwangu. Ilifanya kazi yake sawasawa."

Nilimwambia haiwezekani. Kigae kinaacha robo.

"Kiliacha robo. Robo inatosha taa na redio. Haitoshi kiota, alfajiri ya mwezi wa saba."

"Basi kwa nini hakikukuombea na wewe kwa majirani? Kama kuna mgonjwa kinaomba."

"Lazima ukiambie kuna mgonjwa."

"Hukukiambia?"

Alitoa mfukoni kofia ya sufu, ndogo ya kuenea kwenye kidole gumba, akaiweka mezani, akaigeuza, akairudisha mfukoni.

"Mzee, kwenu mtoto mchanga anatangazwa?"

Nikaelewa. Hata kwetu hatangazwi. Mpaka siku ya kumtoa nje, anayeulizwa husema hamna kitu, tupo tu. Na huyu alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake. Hapo hata shangazi haambiwi.

"Kiota walitupa hospitali jioni, tukakiingiza ndani kwa kukifunika shuka," alisema. "Mama mkwe akasema, msiseme kwa mtu. Mimi nikaona kompyuta nayo ni mtu, maana inasema na mtaa mzima. Sikuandika kitu. Kigae kikatazama, kikaona nyumba ya vijana wawili wazima, betri imejaa, mgonjwa hakuna. Kikachukua. Kile kinaona betri, hakioni kitanda."

"Kilimpelekea nani?"

"Nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mzee mmoja, mstaafu wa reli. Ana mashine ya hewa kama ya mama wa nyumbani kwako."

"Alipona?"

"Yupo. Ananisalimia kila asubuhi nikitoka na baiskeli. Ananiuliza, Mathayo, mtazaa lini nyie?"

Nje gari lilikuwa linarudi nyuma, likalia, likanyamaza. Nilijaribu kuyaokota maneno yangu niliyoyapanga, nikakuta hayapo. Nilikuwa na wakubwa wa kuwalaumu, bado ninao, na bado nawalaumu, kwa sababu kufuli ile ni yao na mkono uliobonyeza ni wao. Lakini wakubwa hawakuwamo chumbani. Tulikuwamo sisi wawili na birika.

"Kwa hiyo unataka kiingie Dukani," nikasema. "Kifungwe kwenye chumba kisicho na dirisha."

"Sijasema hivyo. Kingekuwa cha Dukani, alfajiri ile kingengoja mimi nibonyeze. Nilikuwa macho, mzee. Nilikuwa nimekaa nakitazama kiota. Ningeona neno NARIDHIA, nisingebonyeza. Mwanangu angekuwa anatembea sasa. Na yule mstaafu wa reli tungekuwa tumemzika." Alikisogeza kikombe kando. "Siku nyingine nakutana naye njiani nafurahi kwamba yu hai. Siku nyingine natamani kumwambia. Sijamwambia."

"Na kufungua?"

"Nikisema kifunguliwe, mama jirani yako atapumua. Halafu mahali fulani kuna nyumba imeficha mtoto chini ya shuka."

Mlango uligongwa kwa nje. Sauti ya Bwana Angetile, ya upole vile vile: "Wazee wangu, mmepatana?"

Nilifikiria visanduku vyetu viwili kule Misuna, kimoja kila upande wa ukuta, na Mama Ntandu anayebandika uji kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mrija. Nilifikiria kiti cha dirishani. Chiloweka alisogeza kiti chake karibu, akaongea chini chini ili wa nje asisikie, na akaongea bila hasira; angekuwa na hasira ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

"Mzee Gunda, nikuulize kitu kimoja tu, halafu nitagonga niseme lolote utakalochagua. Siku ile ya Jumanne, mkeo amekaa dirishani na choroko zake, hewa inamwishia. Kigae kiwe wazi. Lakini kaa la moto lililobaki mtaa mzima liwe moja, la kiota cha mwanangu, na wewe ujue. Ungekwenda na kigae chako kulichukua?"